Kila ofisi inawauliza wanaishi wapi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni akina mama 12 wa Kirumba, Mwanza. Kila Jumamosi jioni tunapika wali na maharage kwa vijana wanaolala vibarazani karibu na soko la Mwaloni. Huu ni mwaka wa tatu, na wengi ni walewale. Tumechoka kuwapa sahani tu, tunataka wajitegemee. Tulienda ustawi wa jamii, tukaelekezwa maendeleo ya jamii. Huko wakasema vijana waunde kikundi wapate mkopo wa halmashauri, ila kila mmoja awe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. NIDA wanataka fomu yenye muhuri wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akasema hao si wakazi wake. Tukarudi palepale tulipoanzia. Mwanangu aliyeko Texas ananiambia mji wa Houston ulifanikiwa kwa sababu mashirika yote yalishikana mikono. Je, kwetu inawezekana? Tuanzie wapi? Na je, tuache kupika? – Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili niliichora kwenye karatasi: ustawi, maendeleo ya jamii, NIDA, mtaa, halafu mshale unarudi ustawi. Mchoro huo naujua. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya ustawi wa jamii Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa waliokaa nyuma ya meza na kuwaonyesha watu mlango unaofuata. Naumia kuona kwamba njia bado ni ileile.

Hakuna aliyekudanganya. Kila ofisa alikueleza ukweli wa ofisi yake. Shida ni kwamba huduma zetu karibu zote zinaanza na swali moja: unaishi wapi? Barua ya utambulisho inatoka mtaani. Fomu ya NIDA inapita mtaani. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini, inazitambua kaya kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa. Tangu mwaka 2020 laini ya simu haitumiki bila kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na asiye na laini kwa jina lake hana M-Pesa, hana hata pa kuficha elfu tano usiku. Kijana wa kibarazani anakwama kwenye swali la kwanza, na milango yote iliyobaki inajifunga.

Mwanao hajakosea kuhusu Houston. Mwaka 2011, katika hesabu ya usiku mmoja, mji huo na maeneo yake ya jirani ulikutwa na watu zaidi ya 8,000 wasio na makazi. Kuanzia mwaka 2012 mashirika zaidi ya 100, ya serikali, ya dini na ya hiari, yalikubali kufuata mpango mmoja na kutumia kumbukumbu za pamoja. Mtu akishahojiwa, haanzi upya kila anapobisha hodi. Wakakubaliana pia kumpa mtu chumba kwanza, kisha mambo ya ulevi, ugonjwa na kazi yashughulikiwe akiwa na mlango wa kufunga usiku. Katika miaka 10 waliopata makazi walipita 25,000. Lakini wenzetu wale wana fedha za serikali kuu ya Marekani za kuwalipia watu kodi ya nyumba mwezi hadi mwezi. Sisi mfuko huo hatuna, na sitaki mjichoshe kuutafuta. Kitu cha kuiga ni ile orodha moja ya majina ambayo kila mtu anaitumia. Hiyo gharama yake ni daftari.

Jumamosi ijayo, kabla ya kupakua chakula, ongeeni nao muwatenganishe kwa umri. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wenye moyo mwema hukosea sana. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata kama anajilisha tangu ana miaka 10 na ana ndevu. Sheria hiyo inamtaja mtoto anayezurura bila makazi kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na jukumu la kumlinda imelipa halmashauri. Kwa hiyo mtoto haanzishiwi kikundi cha mkopo wala hapangishiwi chumba. Msimchukue pia mkamlaza nyumbani kwa mmoja wenu kimyakimya, hata mvua ikinyesha. Pigeni 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, au nendeni moja kwa moja kwa afisa ustawi au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kazi yao ni kutafuta familia, kupima kama nyumbani ni salama, na kama si salama kumweka kwa mtu anayefaa au kwenye makao yaliyosajiliwa. Mwanza mna bahati ya kuwa na mashirika yenye uzoefu wa kazi hii, kama Kuleana, Cheka Sana na Railway Children Africa. Wana watu wanaojua kuzungumza na mtoto bila kumtisha. Ninyi endeleeni kuwa watu anaowaamini, mengine waachieni wao.

Na hapa ndipo TASAF ina nafasi yake. Kwa kijana aliye kibarazani haina msaada wa moja kwa moja. Mama yake aliyebaki Sengerema au Ukerewe na watoto wengine wanne ndiye anayeweza kuwemo kwenye mpango. Mtoto akirudishwa kwenye nyumba ileile yenye njaa ileile, baada ya wiki tatu yuko stendi. Nimeona hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilifikia kukataa kusaini marejesho ya mtoto kabla ya kujua kaya imeunganishwa na nini. Mwulizeni afisa ustawi swali hilo kwa jina la mtoto: mama yake ameunganishwa na nini?

Sasa turudi kwa wenye miaka 18 na kuendelea, ambao nadhani ndio wengi kati ya vijana wenu.

Mwenyekiti aliyekataa kugonga muhuri, msimchukie. Anachoogopa ni kumdhamini mtu asiyemjua. Maombi ya kitambulisho cha taifa yanapitiwa pia na Uhamiaji, na muhuri wake ukikutwa kwenye fomu ya mtu ambaye uraia wake una utata, yeye ndiye atakayeitwa. Kumlaumu hakutaondoa hofu hiyo. Itaondoka akipata taarifa. Mwombeni afisa ustawi aandike taarifa fupi ya kijamii ya kila kijana: jina, wazazi, kijiji, shule aliyosoma, mwaka alioondoka nyumbani. Kisha apigiwe mtendaji wa kijiji alikotoka. Ukishakuwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema "huyu ni mtoto wa fulani, tunamfahamu", na barua ya uongozi wa soko la Mwaloni inayosema "huyu anabeba mizigo hapa tangu mwaka fulani", unamrudia mwenyekiti ukiwa na kitu mkononi. Wapo wenyeviti waliokataa mara tatu na mara ya nne wakasaini wakiwa wamesimama.

Wakati mwingine njia fupi ni kijana kwenda mwenyewe kwao na kujiandikisha huko, hasa kama hana cheti cha kuzaliwa, maana usajili wa kizazi hufuata wilaya alikozaliwa mtu. Nauli ya basi au ya kivuko ni ndogo kuliko miezi minne ya kuzungushana. Safari hiyo ina faida nyingine nisiyoweza kuipigia hesabu. Kijana mmoja niliyekuwa nimeshika shauri lake alikwenda kutafuta cheti cha darasa la saba, akakuta baba aliyemkimbia ameshazeeka na anamtafuta. Hakurudi kuishi kule. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na mahali pa kutaja alipoulizwa kwao ni wapi.

Jambo jingine lenu la pekee ni mpaka. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela. Makoroboi na katikati ya mji ni Nyamagana, Jiji la Mwanza. Kijana yuleyule anabeba dagaa Mwaloni alfajiri, mchana anaokota chupa mjini, usiku analala popote penye baraza. Halmashauri mbili, maafisa ustawi wawili, bajeti mbili. Msipoweka wazi mapema ni halmashauri ipi inashika shauri la nani, kila upande utaamini upande wa pili unalishughulikia. Kigezo changu kilikuwa rahisi: anaposhikia riziki yake, maana hapo ndipo anapopatikana kila siku na hapo ndipo atakapotaka chumba.

Labda ulijiuliza kwa nini ustawi na maendeleo ya jamii hawakuongea wenyewe kabla ya kukuzungusha. Kwenye halmashauri, ustawi wa jamii uko divisheni moja na afya na lishe, na maendeleo ya jamii ni divisheni nyingine. Mkuu tofauti, gari tofauti, taarifa tofauti. Ila ipo meza inayowakutanisha. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, uliweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia mtaa na kata hadi halmashauri. Humo wanakaa ustawi, polisi, afya, elimu, viongozi wa dini na asasi. Msianzishe kamati mpya, tafadhali. Nendeni kwa mtendaji wa kata mwulize kamati yenu inakaa lini, na mwombe dakika 15. Pelekeni majina 10, si shida kwa jumla. Wenzetu wa Kenya waliendesha hesabu ya familia za mitaani mwaka 2018 wakapata watu 46,639, na Mombasa peke yake 7,529. Takwimu za namna hiyo zinafaa kupanga bajeti ya nchi. Kwenye kamati ya kata, takwimu inaleta masikitiko na chai. Jina linaleta swali: "Huyu wa kwanza, nani atampigia mtendaji wa kijiji chake, na lini?" Andikeni jibu mbele ya wote, na kikao kijacho muanze na jina hilohilo.

Daftari lenyewe liwe la kawaida. Jina analotaka aitwe, jina la shuleni, kwao, umri, kazi, karatasi alizonazo, afya, na nani ameshika shauri lake. Kila safu mwandike kwa idhini yake. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, siri ya mtu ni heshima yake. Nakuomba sana kuhusu picha: msiwapige picha wakila na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Siku moja kijana huyo ataomba chumba cha kupanga, na mwenye nyumba ataikumbuka ile picha.

Polisi wasiachwe nje ya mpango. Unajua yanayotokea mji unapotarajia ugeni mkubwa: vijana wanazolewa usiku kwa uzururaji, wanatoka baada ya siku kadhaa, toroli limeibwa, akiba imepotea, na aliyekuwa amefikia hatua ya kupigwa picha NIDA anaanza upya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hilo mwachieni msaidizi wa kisheria alizungumze akihitajika. Ninyi mnachohitaji ni polisi kata anayewajua vijana kwa majina na mwenye namba yako ya simu. Mimi niliwahi kuwatoa watu sita asubuhi moja kwa simu moja, kwa sababu tu mkuu wa zamu alikuwa ameshakula ubwabwa nasi.

Wapo pia wanaotumia dawa za kulevya. Hao msiwaweke kando wala msiwatangulize kwenye vikundi vya fedha. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwenu Mwanza inatolewa Hospitali ya Sekou Toure. Ni ya kila siku, kwa hiyo anayeifuata anahitaji mtu wa kumuuliza kila jioni kama amekwenda. Hiyo ni kazi ambayo mama wa Kirumba anaiweza kuliko daktari yeyote.

Sasa fedha. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni kitu kizuri. Hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka 2024. Lakini nakuomba usiwe mwanzo wa safari. Watu watano ambao hawajawahi kuwekeana hata elfu moja, ukiwapa milioni kadhaa za pamoja, umewapa ugomvi. Na kikundi kikishindwa kurejesha, hao vijana wanapata jina la wadaiwa juu ya majina mengine yote waliyoitwa.

Waanze na akiba ndogo, na kalenda ya akiba iende na ziwa. Wewe unayajua haya kuliko mimi: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, Mwaloni panapoa, na anayeishi kwa kubeba magunia anarudi kuomba. Nimeona vikundi vya kuweka akiba vikivunjika kila mara katika siku hizo za mbalamwezi, viongozi wakidhani vijana ni wakorofi. Pangeni michango iwe mizito wakati wa giza, na wakati wa mwezi isiwepo kabisa, na kila mmoja achukue sehemu ndogo ya chake cha kulia. Wakimaliza mizunguko sita ya mwezi bila kudhulumiana, hapo nendeni maendeleo ya jamii mkaombe usajili wa kikundi. Railway Children Africa wamefanya kazi na vijana wa mitaani kwa njia ya vikundi kwa muda mrefu. Waombeni mtu mmoja aje kukaa nanyi, mtaokoa makosa mengi.

Chumba nacho kina siri yake. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na hapo ndipo akina mama 12 mna nguvu kuliko ofisi zote nilizozitaja. Ninyi ni wapangaji, wengine ni wenye nyumba, mnafahamika. Mama mmoja akisimama na kusema "namfahamu huyu, akikusumbua njoo kwangu", mwenye nyumba anaweza kukubali miezi miwili. Na mkishapata chumba, jaribuni kuweka wawili wanaoelewana badala ya mmoja. Mwaka mmoja nilifurahi sana kumpatia kijana geto lake mwenyewe, godoro, ndoo na jiko. Baada ya majuma matano nilimkuta amelala barazani na ufunguo shingoni. Aliniambia usingizi haumjii peke yake, kuna kimya. Alikuwa amelala katikati ya watu tangu ana miaka 11. Tulimtafutia mwenzake, na wote wawili walikaa.

Kosa jingine ni langu pia. Tulimpeleka kijana kwenye mafunzo ya ufundi kabla ya kutatua pa kulala. Chuo kilifundisha vizuri, naye alikuwa na mikono ya kazi. Lakini alikuwa analala stendi, anaamka na nguo chafu, na wenzake walianza kusogeza viti. Mwezi wa pili akaacha. Tangu hapo nilishika mpangilio: karatasi, pa kulala, akiba, ndipo ufundi. Na si kila kijana anahitaji kuanza chuo upya. Ukimkuta aliyejifunza kutengeneza injini za boti kwa kumsaidia fundi miaka minne, ulizeni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanampima alichokijua tayari na kumpa cheti. Kwa mtu ambaye kwa miaka hajawahi kumiliki karatasi yenye jina lake, hicho cheti anakifunika kwa nailoni na kulala nacho.

Umeniuliza kama inawezekana kwetu. Inawezekana kwa vijana wachache kwa wakati mmoja. Chagueni watano kwa miezi sita ya kwanza, kila mmoja na mama wawili nyuma yake, na afisa ustawi mmoja anayekubali kupigiwa simu kila Ijumaa. Hao wengine waambieni ukweli kwamba zamu yao inakuja. Watawaelewa, maana watawaona wenzao wakitoka. Kipimo chenu kisiwe sahani mlizopakua wala semina mlizohudhuria. Baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, ulizeni kila jina kwenye daftari analala wapi na jana alikula kwa fedha ya nani. Afisa akihamishwa, na watahamishwa, mwombeni kabla hajaondoka awapeleke kwa anayempokea, na daftari liwe mezani siku hiyo.

Kupika msiache. Kwa miaka mitatu vijana hao wamejua kwamba Jumamosi jioni kuna watu watakuja, na mmekuja. Hakuna ofisi yoyote kati ya hizo nilizotaja iliyo na jambo hilo. Ila badilisheni kitu kimoja: mkishapakua, nanyi chukueni sahani, mkae chini mle nao. Mtajua nani anatoka wapi, nani anakohoa, nani ana miaka 16 na anadanganya ana 20. Safu nyingi za daftari zitajazwa hapo hapo.

Afisa ustawi akikataa kuandika zile taarifa za kijamii, niandikie tena, nitakutumia mfano wa namna tulivyokuwa tukiziandika. Ni ukurasa mmoja tu.